Njia Panda Isiyo na Mtu

Mtu akikwambia kwamba Mama Sponji alijifunza pikipiki uzeeni kwa sababu ya raha ya upepo usoni, mwambie aache uongo. Raha gani? Alijifunza kwa sababu ya woga. Alitaka kumfuata binti yake, basi, na hilo yeye mwenyewe hakulificha.

Kazi yake ilikuwa viti. Kiti cha pikipiki kikichanika, kikanywa maji ya mvua na kuanza kunuka, unampelekea katika chumba chake nyuma ya duka la vipuri. Hapo ananyofoa pini za stepla moja moja kwa bisibisi butu, anavua ngozi kuukuu, anakata sponji kwa kisu cha mkate, anabandika kwa gundi inayowasha macho, kisha anaivuta ngozi mpya mpaka isibaki hata kunyanzi. Ukimharakisha anakujibu bila kuinua kichwa, "Haraka hiyo, utakalia nini? Misumari?" Waendesha pikipiki wa mji mzima walimjua, na wengi wao walikuwa wamekalia kazi ya mikono yake miaka na miaka bila kusema asante.

Binti yake alikuwa mmoja tu, jicho lake, na alifanya kazi maabara ya kupima damu. Mchana koti jeupe, jioni pikipiki. Mwaka uliopita aliteleza kwenye mchanga barabarani, akaviringika, mguu wa kushoto ukavunjika, madaktari wakautia chuma. Mama yake alikaa kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda, na badala ya kumpa pole akamwambia, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Haya, limevunjika." Kisha akaenda ukumbini akalia mpaka muuguzi akamletea maji ya kunywa. Waendeshaji, watu wasio na haya, wakampachika yule binti jina la Chuma. Naye akalipokea kwa kicheko, na mguu ulipopona akarudi kwenye pikipiki yake kana kwamba hakuna lililotokea.

"Mwanangu, hukukoma tu?"

"Mchanga nimeukoma, mama. Pikipiki sijaikoma."

Ndipo Mama Sponji aliponunua pikipiki ya mkono wa pili, akajifunza uwanja wa mpira, akaanguka, akaamka, akatukana, akajifunza. Mumewe, ambaye hata baiskeli humtia kizunguzungu, alisimama pembeni ameshika kichwa. "Sasa nitakuwa na wagonjwa wawili," alisema.

Tangu hapo Chuma hakuendesha tena peke yake. Akienda kazini, mama yuko nyuma. Akienda kwa rafiki yake, mama yuko nyuma, eti anapeleka kiti cha mteja upande huohuo. Basi asubuhi ya msafara mkubwa, pale kituo cha mafuta walipokusanyika, pikipiki zimejaa mpaka barabarani na moshi umetanda, Chuma alimvuta mama yake kando ya pampu ya upepo.

"Mama, leo nakuomba kitu kimoja. Usinifuate."

"Nani anakufuata?"

"Mama, jamani. Kila nikitazama kioo nakuona wewe. Naendesha kama niko kwenye mtihani, na msimamizi kanikalia mgongoni. Leo tangulia mbele na wakubwa wenzako. Mimi nitakuja katikati. Niamini siku moja tu."

Mama Sponji alimtazama, akatazama ule mguu. "Haya," alisema. Na ile haya ilimtoka kwa shida.

Kiongozi wa msafara alikuwa mwenye duka la dawa, mtu mpole asiyependa kelele, waliyemwita Kepteni. Alipanda juu ya kreti ya soda akawaeleza utaratibu, kwa sababu kulikuwa na wageni wengi. Msafara mkubwa hauwezi kwenda kwa kuonana. Wa mbele akifika mlimani, wa nyuma bado yuko mjini. Kwa hiyo kila wakifika njia panda ya kukata kona, mmoja anasimamishwa pale, ananyoosha mkono kuonyesha wapi pa kupita. Anasimama hivyo mpaka apite mtu wa mwisho kabisa, anayeitwa Mkia, mwenye kizibao cha njano. Mkia akipita, ndipo naye anaondoka.

"Shikeni mambo mawili," Kepteni alisema. "Njia panda yenye mtu, fuata mkono wake. Njia panda isiyo na mtu, maana yake nyoosha, usikate popote. Na uliyesimamishwa huondoki mpaka Mkia apite. Hata nyumba yako ikiungua, iache iungue."

Watu walicheka. Kepteni hakucheka. Alisema kuna njia panda moja mlimani ambayo inamnyima raha. Ukinyoosha pale, barabara ni nzuri, lami safi, inakubembeleza. Lakini inateremka mpaka kwenye daraja lililochukuliwa na mafuriko. Mapipa ya kuzuia yaliwekwa, wenye shida ya mapipa wakayabeba. Msafara unatakiwa kukata kushoto, kwenye kijibarabara kibaya ambacho hakuna mtu angekichagua kwa hiari yake. "Pale nataka mtu wa uhakika."

"Mpe Mama Sponji," alisema Mkia. Huyu alikuwa mwenye bucha, bonge la mtu, sauti nzito, na watu walimwita Bucha tu. "Vijana hawa ukiwaweka pale, akipita msichana wa kuchekacheka wanaondoka naye. Huyu mama kiti chako hakutolei mpaka gundi ikauke, hata ulie machozi. Mpe yeye, mimi nitakuja nyuma roho imetulia."

Vicheko tena, makofi, honi. Bucha alikuwa na furaha zake siku hiyo, maana binti yake, mwalimu wa chekechea, alikuwa ameolewa mwezi uleule, na maharusi wote wawili walikuja kwenye pikipiki moja, wameshikana kama watu walioshonwa. Mama Sponji alijibu kwa ukali, "Mnanisifia kwa kazi ya kusimama?" Lakini moyoni alifurahi. Nani asiyependa kuaminiwa?

Wakaondoka. Mji uliachwa nyuma, mashamba yakapita, kisha kupanda kukaanza. Kwenye njia panda ya kwanza ya mlimani Kepteni alimsimamisha mwalimu mmoja mstaafu, mtu wa kufuata sheria mpaka anachosha. Mbele zaidi, baada ya kona nyingi, wakafika ile ya daraja. Kepteni alipunguza mwendo, akaelekeza kidole chini. "Hapa, mama."

Mama Sponji akaegesha pikipiki pembeni, akasimama katikati ya njia, mkono ameunyoosha kuelekea kile kijibarabara cha kushoto. Pikipiki zikaanza kumpita, moja, mbili, makundi makundi. "Mama, umekuwa sanamu!" "Mama, shikilia hapohapo, tutakuletea soda!" Yeye jicho lake lilikuwa linatafuta helmeti moja tu, nyekundu, yenye mkwaruzo ubavuni. Ikipita nyingine nyekundu moyo unamruka. Akiangalia vizuri, siyo.

Ukungu ukashuka. Mlimani ukungu haubishi hodi. Mara akawa haoni kona ya chini, anaona taa tu zikichomoza karibu yake, zinakata kushoto, zinapotea. Halafu taa zikawa chache. Halafu hakuna.

Akangoja. Helmeti nyekundu haijapita, Mkia hajapita. Alitoa simu, haina mtandao. Akairudisha, akaitoa tena, kana kwamba mtandao ungemwonea huruma. Mvua nyembamba ikaanza kumwingia shingoni. Alijiambia, tulia wewe mwanamke, amekwambia atakuja katikati. Lakini katikati ilishapita zamani! Waliopita mwishoni walikuwa wale wa nyuma kabisa, wenye pikipiki za kukohoa, na Chuma hakuwemo.

Ndipo taa moja ilipochomoza kwa kasi. Mama Sponji akaruka, akanyoosha mkono. Pikipiki ikakata kona bila kupunguza mwendo, na aliyeiendesha amejikunja juu ya usukani, uso chini. Alikuwa yule mwalimu.

"Mwalimu! Mwalimu we!"

Hakugeuka. Akapotea kwenye ukungu.

Sasa hapo akaanza kupiga hesabu. Mwalimu yule alikuwa amesimamishwa njia panda ya nyuma, na hangeondoka mpaka Mkia apite. Kama ameondoka, Mkia angekuwa naye. Yuko wapi Mkia? Na kwa nini mwalimu, mtu ambaye akikutana nawe sokoni anakusalimia mpaka mbuzi zako, ampite bila hata kumtupia jicho? Mama Sponji alilijua jibu. Mtu akishindwa kukutazama usoni, amebeba habari yako. Mwalimu anakimbilia mbele kumwita Kepteni. Kuna aliyeanguka. Na kama ni mtoto wa mtu mwingine, angesimama akamwambia.

"Chuma," alisema kwa sauti. "Mwanangu Chuma."

Aliona ule mguu. Aliona kile kiti cha plastiki na ule ukumbi wa hospitali. Alijaribu kusimama, wallahi alijaribu. Alikwenda mpaka kwenye pikipiki akarudi, akaenda akarudi. Alijua kabisa kwamba Mkia hajapita na kwamba aliyeko nyuma hajui njia. Lakini uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na wakati huo ulikuwa unamkata tumboni kama siku ile aliyomzaa. Akavunja tawi lenye majani, akalilaza barabarani, ncha ikielekea kushoto. Mwenye macho ataliona, alijiambia. Nakwenda narudi, kufumba na kufumbua. Akapiga kiki, akateremka alikotoka.

Aliendesha vibaya. Kona alizikata kwa kubahatisha, maji yakimchuruzika kwenye kioo cha helmeti. Njiani akakutana na taa inapanda. Akakodoa macho: pikipiki moja, watu wawili, helmeti nyeupe na nyeusi. Siyo nyekundu. Wakampigia honi, wakampungia mkono, naye akawapita bila kugusa breki. Alichotaka kuona hakikuwa hapo.

Akafika njia panda ya nyuma, na katikati ya barabara, mzima, amelowa chapachapa, mkono ameunyoosha kulia, alisimama binti yake.

Mama Sponji alizima injini, akashuka, akakaa palepale kwenye lami.

"Mama!" Chuma alimkimbilia. "Umeanguka? Nini?"

"Uko mzima? Mwanangu, uko mzima?"

"Mzima, kwani vipi?"

"Mwalimu... nimemwona mwalimu anakimbia, hanitazami..."

"Tumbo, mama! Tumbo limemchafuka mzee wa watu. Nimemkuta hapa anajipinda, analia. Nikamwambia nenda ukatafute choo, mimi nitakushikia zamu. Angekutazamaje, na hali ile?"

Mama Sponji akaanza kucheka. Akacheka na kulia pamoja, akamshika binti yake miguu yote miwili, akaibana kifuani. "Tumbo," alisema. "Mungu wangu, tumbo!"

Chuma naye alicheka kidogo, akimpangusa mama yake maji usoni. "Na bado nyuma kuna watu. Kuna mtu kapata pancha kule chini, nami nilisimama nao kwanza, ndiyo maana nikawa wa nyuma; Bucha bado anamsaidia kuziba. Kawaambia maharusi watangulie wasilowe. Wamepita hapa sasa hivi, lazima umewakuta..."

Kicheko kilimtoka usoni taratibu.

"Mama. Pale kwenye daraja umemwacha nani?"

Mama Sponji aligeuka kutazama barabara aliyotokea.

"Mama, nani amesimama pale?"

"Nimeweka tawi."

"Tawi?"

"Nimelilaza kuelekea kushoto. Wataliona."

"Kwenye ukungu huu? Mlima mzima umejaa matawi, mama! Hapana mtu, maana yake ni nini? Wanyooshe!" Sauti yake ilikuwa imepanda mpaka inakatika. Kisha akamwinua mama yake kwa nguvu za ajabu, akampandisha kwenye pikipiki. "Nenda. Nenda, mama, nenda."

"Twende wote."

"Siwezi. Mkia hajapita."

Alirudi katikati ya barabara, akanyoosha mkono. Mama Sponji alimwona kwenye kioo kwa mara moja tu, halafu ukungu ukamfunika.

Kupanda kule hakukukumbuka baadaye. Alichokumbuka ni ile honi yao na ule mkono waliompungia, na yeye akiwapita. Alikuwa anaomba kwa sauti, ovyo, akichanganya maneno: wawe wamesimama, wawe wameliona, wawe wamepata hata wao pancha. Alipofika kwenye njia panda akateremka na kukimbia kwa miguu. Tawi lilikuwa palepale alipoliacha. Hakuna aliyelisogeza, hakuna aliyelikanyaga. Katikati ya lami ile safi ya kunyoosha kulikuwa na alama ya tairi kwenye maji, nyembamba, na mvua ilikuwa imeanza kuifuta.

Akaifuata kwa gia ya kwanza, roho mkononi, taa haionyeshi mbali. Alisikia kabla ya kuona. Ilikuwa sauti ya mwanamume, inaita jina moja tena na tena.

Pikipiki ilikuwa imelala ukingoni pa daraja lililokatika, gurudumu la mbele liko hewani. Bwana harusi alikuwa chini kwenye mawe, nje kidogo ya maji, mikono imechubuka, na mkewe amelala ubavu mbele yake. Mama Sponji akateremka kwa makalio na viganja.

"Usimwinue!" alipiga kelele. "Usimguse, mwache hivyohivyo." Hilo alilijua. Alivua jaketi lake akamfunika, akapiga magoti kando ya kichwa chake. Yule binti alikuwa anapumua kwa vipande vipande. Nyonga ilikuwa imekaa mahali ambapo nyonga haikai.

"Mama Sponji," alisema binti, meno yakigongana. "Nasikia baridi."

"Najua, mwanangu. Usiseme sana."

Bwana harusi alikuwa anatetemeka mwili mzima. "Tulikuona njiani, mama, tukakupigia honi. Tukasema ametumwa kumsaidia baba na ile pancha. Pale njia panda hapakuwa na mtu, tukanyoosha, kama walivyosema. Tumefuata kama walivyosema!"

"Mmefuata vizuri," Mama Sponji alisema. "Nenda juu ukamngoje baba mkwe wako barabarani. Kimbia."

Alibaki peke yake na yule binti. Alimwimbia? Hapana, hakuwa na wimbo. Alimshika mkono, na kila binti alipofumba macho alimwamsha kwa kumuuliza habari za watoto wa chekechea, mmoja mmoja, nani mtundu, nani analilia mama yake asubuhi. Maji ya mto yalikuwa yanapita karibu na viatu vyao.

Injini zikafika juu, zikazimwa. Kizibao cha njano kikateremka mawe kwa pupa, mtu mzito anaanguka na kuinuka. Nyuma yake Chuma, anachechemea, na bwana harusi. Yule wa pancha alikuwa amekwishatumwa mbele kutafuta gari.

Bucha alipiga magoti. Alimpapasa mwanawe uso kwa mikono yake mikubwa, akamwita kwa jina la utotoni, na binti akamjibu. Hapo ndipo alipopata pumzi. Kisha akamgeukia Mama Sponji, akaona matope, akaona hana jaketi, akaona viganja vinavuja damu, na uso wake ukajaa huruma.

"Na wewe, mama? Umeumia wapi? Nani kakugonga pale juu?"

Mama Sponji alilirekebisha jaketi juu ya binti.

"Mkwe ananiambia hapakuwa na mtu njia panda. Nikamwambia haiwezekani, basi Mama Sponji kapatwa na jambo. Mimi mwenyewe nimewaambia watangulie. Nimewaambia msiogope ukungu, pale kwenye daraja yupo yule mama, yule haondoki." Alimshika bega. "Sema, mama. Ni gari?"

"Bucha," Chuma alianza, "mama alikuwa..."

"Nyamaza, mwanangu." Mama Sponji hakuondoa macho yake kwa yule baba. "Sijagongwa na gari. Sikupatwa na kitu. Niliondoka. Nilifikiri wangu ameanguka, nikaiacha zamu, nikaenda kumtafuta. Nimepishana na wako njiani, wamenipungia mkono, na sikusimama."

Mkono wa Bucha ulibaki begani mwake kwa muda, kama umesahauliwa pale. Kisha akamtazama Chuma, aliyesimama juu ya miguu yake miwili, mzima. Alimtazama sana. Halafu akautoa ule mkono, akarudi kupiga magoti kwa wa kwake.